Mama, Mbuzi na Maneno Kumi na Mawili

Kifaa chenyewe kilikuwa kidogo kuliko kiberiti, na nilikiua mwenyewe kwa hasira zangu.

Nilikuwa dukani kwangu mjini Sultan Hamud, asubuhi, nikibishana kwa simu na mteja aliyeniita tapeli. Huku namjibu, nikachomeka kifaa kwenye kompyuta na kubonyeza namba ya siri. Ikakataa. Nikabonyeza tena kwa nguvu zaidi, kana kwamba shida ilikuwa kidole. Ikakataa. Mara ya tatu nilikuwa nimeshamkatia yule mteja simu, nabonyeza huku nikimtukana peke yangu, na ndipo nikakumbuka kwamba namba hiyo nilikuwa nimeibadilisha wiki iliyotangulia. Kioo chake kidogo kikaandika kwamba kimejifuta. Vimetengenezwa hivyo: ukikosea mara tatu, kinakuchukulia kuwa mwizi. Siku hiyo hakikukosea sana.

Maana pesa zilizofungwa na kifaa kile hazikuwa zangu. Zilikuwa za akina mama wa Mukuyuni, wasusi wa vyondo, akiba yao ya miaka mitatu.

Kazi yangu ni ngumu kuieleza, hata kanisani. Nikisema nauza na kununua sarafu za mtandaoni, mmoja anauliza kama ni kamari, mwingine anauliza kama ni dini. Kwa hivyo nitaieleza nilivyoianza. Nilikuwa fundi wa simu, kibanda changu kikiwa kando ya reli, meza moja na taa moja ya kuchomelea nyaya. Usiku nilijifunza kuandika programu. Mtu mmoja wa ng'ambo ambaye sijawahi kumwona akaniomba nimrekebishie programu yake, na kazi ilipoisha akaniambia hana njia ya kunilipa isipokuwa sarafu hizo. Nikasema sawa, kama mtu anayekubali kulipwa kwa mawe.

Zikaja mchana, nikiwa nimefungua simu ya mtu mezani. Niliangalia ukurasa ule ukijiandika: kompyuta moja mahali fulani ikakubali kwamba hizi ni zangu, kisha nyingine, kisha nyingine, mashine za watu wasiojuana na wasionijua, zote zikiandika neno lile lile. Hakuna meneja aliyetia sahihi. Hakuna aliyeniuliza kitambulisho wala baba yangu ni nani. Nilitoka nje nikasimama kando ya barabara ya Mombasa, malori yakipita, na nilitamani kumsimamisha dereva yeyote nimwambie nilichokiona. Nilikuwa na machozi, na sioni haya kusema hivyo.

Baada ya hapo sikushikika. Nilianza kuwahudumia wafanyabiashara walioagiza bidhaa ng'ambo. Mteja wangu mkubwa wa kwanza alikuwa mzee mmoja Mwislamu wa Kitui mjini, muuza vitambaa, ambaye ukoo wake ulitoka pwani zamani. Nilipomweleza kwamba pesa inaweza kuvuka bahari bila benki, alicheka mpaka akashika meza. Akaniambia, "Binti yangu, babu yangu alikuwa akituma pesa kwa neno la mdomo tu, na ilifika. Hiyo mashine yako imechelewa." Nilimwona mzee wa kizamani, nikamtoza ada yangu nikaenda zangu.

Nikaenda Nairobi. Nikafungua kampuni, nikapata ofisi ya vioo na watu waliovaa viatu vya bei kubwa kuliko kodi yangu. Nilisimama jukwaani mara nyingi, kipaza sauti kimebandikwa shavuni, nikisema maneno ambayo watu waliyapigia makofi: usimwamini mtu, amini hesabu. Niliyasema nikiyaamini. Kisha bei za sarafu zikaporomoka dunia nzima, wenye viatu wakaacha kupokea simu zangu, na kampuni ikafa kifo cha kawaida, fanicha ikiuzwa kwa majirani. Nikarudi Sultan Hamud na kompyuta moja na kiburi chote nilichoondoka nacho.

Akina mama wa Mukuyuni ndio walionifufua. Walikuwa wakiuza vyondo kwa mawakala walionunua kwa bei ya kutupa, nao mawakala wakiuza ng'ambo kwa bei ambayo sitaitaja kwa sababu itanipandisha presha. Niliwatafutia wanunuzi wa huko huko ng'ambo, bila wakala. Wanunuzi wakalipa kwa sarafu ya mtandaoni iliyoshikamana na dola, mimi nikazipokea. Nusu niliwabadilishia wakapata shilingi kwenye simu zao. Nusu nyingine, kwa mapatano ya kikundi, haikuguswa. Walikuwa wamefukuzwa kwenye baraza za maduka mara nyingi mno, na walitaka kununua kiploti chao karibu na soko, wajenge banda lao, wakae chini ya bati lao wakisokota makonge kwenye mapaja yao bila mtu wa kuwaambia wahame. Mwenyekiti wao, mama mrefu asiyependa maneno mengi, aliniuliza swali moja tu siku ile: "Na hiyo pesa itakaa wapi?" Nikamjibu kwa ile sauti ya jukwaani, "Itakaa kwenu wenyewe, hakuna benki." Kumbe ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Sasa, ufunguo wa namna hii una pacha wake. Kifaa kikifa, kikiibwa, kikijifuta, unaweza kukiamsha kingine kwa maneno kumi na mawili ya Kiingereza ambayo kilikupa siku ya kwanza, maneno ya ovyo yasiyohusiana, kwa mpangilio wake. Mwenye maneno hayo ndiye mwenye pesa. Niliyaandika kwenye karatasi moja tu, na kwa kuwa sheria ni kuyaweka mbali na kifaa, niliyapeleka mbali ninakokujua: Ikutha, kwa mama.

Mama alisoma mpaka darasa la nne. Biblia ya Kikamba anaisoma bila kusita, na Kiingereza anakisoma kwa matamshi ya Kikamba. Nilimpa karatasi nikamwambia ni kama hati ya shamba langu, asimwonyeshe mtu, na nikifa ampe mtu anayejua kompyuta. Akaniangalia nilipotaja kufa. Kisha akaikunja, akaitia ndani ya Biblia kubwa ya marehemu baba, akafunga kabati.

Basi siku ile kifaa kilipojifuta, nilifunga duka na kufika Ikutha jua likiwa bado kali. Sikumsalimia mama vizuri. Nilikwenda moja kwa moja kabatini nikatoa Biblia, ikawa nyepesi mkononi. Nikaifungua. Mchwa walikuwa wameingia kwa nyuma ya kabati, wakaanza na Mwanzo, wakapita Kutoka na kuendelea, na walipofika katikati walikuwa wameacha jalada na udongo. Karatasi yangu haikuwepo hata kipande.

Nilikaa chini sakafuni. Sijui nilisema nini, lakini najua nilipiga kelele, na najua nilimuuliza mama kwa sauti ambayo mtoto hamwulizii mamake kwa nini hakuangalia. Yeye alikuwa akichagua pojo kwenye ungo. Hakuacha.

"Karatasi?" akasema. "Hapa Ikutha karatasi ni chakula ya mchwa. Mimi nilijua hiyo siku uliniletea."

"Ulijua, na ukaiweka humo?"

"Wewe ndiye ulitaka iwekwe. Nikaiweka ufurahi." Akapuliza makapi. "Ngojea mbuzi zirudi."

Nilitaka kulia na nilitaka kurusha ungo. Mbuzi! Nilidhani uzee umemwingia nikiwa Sultan Hamud nabishana na watu.

Jua lilipolegea, mama alisimama kwenye mlango wa boma la miiba, mkono mmoja kiunoni, akaita. Lazima nieleze kwamba kwetu mifugo haihesabiwi. Mtu hasimami akanyoosha kidole akasema moja, mbili, tatu. Ni kuialika hasara. Mama huwaita kwa majina, mmoja baada ya mwingine kwa mpangilio ule ule kila jioni, na jina lisiloitikiwa ndilo linalomwambia nani amebaki porini. Nilikuwa nimekua nikisikia majina ya mbuzi wetu, ya Kikamba, ya rangi na ya tabia. Sikuwa nimesikia haya.

"Lada!" mama akaita, na mbuzi mweupe mwenye ndevu akaingia. "Winta!" Akaingia mwekundu. "Kamera! Osheni!"

Nilishika nguzo ya boma. Mama aliendelea kwa sauti yake ya kuitia mbuzi, ile inayosikika mpaka ng'ambo ya korongo, "Dizeli! Helmeti! Panda!" na mbuzi wakaja wakipita mbele yangu mmoja mmoja, kila mmoja amebeba neno langu, na maneno yalikuwa yale, nilikuwa nayatambua yakitoka kinywani mwake kama mtu anayetambua nguo zake kwenye kamba ya jirani. "Windo!" akamaliza, na kambuzi kadogo keusi kakapita mbio.

Nimesimama mbele ya maprofesa wa hesabu. Nimeona ghala la mashine linalopoozwa kwa feni siku nzima, likilinda siri kama ile. Sijawahi kushangaa kama nilivyoshangaa mlangoni mwa boma lile, miguu yangu ikiwa kwenye mavi ya mbuzi.

"Mwaitu," nikasema, nikimwita mama kwa Kikamba, "umefanya nini?"

Akanieleza akiegemeza matawi ya miiba mlangoni. Kila mbuzi jike aliyezaliwa tangu siku ile alimpa neno moja, akifuata karatasi kutoka juu kwenda chini. Madume hakuwapa, kwa sababu dume huuzwa. Nikatoa simu nikaanza kuandika, nikiwapanga kwa ukubwa wao, na akanikemea. Yule mdogo mwenye doa si wa mwisho, ni wa tatu. Kamera wa kwanza alikufa kwa kiangazi, na mjukuu wake alipozaliwa akarithi jina, kama vile mimi nilivyorithi jina la mama yake baba. "Jina haifi," akasema. "Mbuzi inakufa, jina inabaki kwa laini yake."

Ndipo akili ya kazi yangu ikaamka na nikaogopa kwa namna nyingine. Miaka mitatu mama amekuwa akiitangaza siri yangu kila jioni, majirani wakisikia, wachungaji wakisikia, wapita njia wakisikia. Benki gani inatangaza ufunguo wake kwa kelele korongoni? Kisha nikaanza kuwahesabu kwa kidole bila kufikiri, na mama akanipiga kofi mkononi.

"Shusha hiyo kidole!"

Lakini nilikuwa nimeshawahesabu. Walikuwa nane.

Kama lingekosekana neno moja tu, ningelibahatisha kwa kompyuta kabla chai haijapoa. Manne ni jambo lingine; ningezeeka nikijaribu. Nikamuuliza yako wapi mengine, kama mbuzi walikufa, kama waliuzwa sokoni, kama aliyasahau. Sauti yangu ilikuwa imeanza kupanda tena.

"Hiyo ingine haiitwi hapa nje," mama akasema. Akaketi juu ya jiwe lake. "Kwanza niambie. Hiyo shamba ni ya nani?"

"Shamba gani?"

"Ile hati uliniletea. Ulisema ni yako. Mtu halii hivi kwa kitu yake. Hii ni kitu ya wenyewe."

Sikuweza kumdanganya. Nilimwambia yote: vyondo, kiploti, ufunguo mfukoni, namba ya siri na hasira. Alisikiliza huku akitoa mwiba kwenye kandambili. Nilipomaliza akauliza kama wale akina mama wanajua. Nikasema hapana, nilitaka kwanza nizipate, halafu niwaambie nikiwa na habari njema.

"Piga simu saa hii," akasema.

"Mwaitu, kesho. Ukinipa hayo manne, kesho nitawaambia."

"Saa hii, ikiwa bado imepotea. Ukiwaambia baada ya kuipata, hiyo ni hadithi unawapigia."

Nilisimama pale nikimchukia mama yangu kwa muda kama wa kuhesabu kumi. Kisha nikatafuta mahali penye mtandao, juu ya kichuguu nyuma ya choo, nikampigia mwenyekiti wa Mukuyuni. Nilimwambia kwamba ufunguo wa pesa yao nilikuwa nao mimi peke yangu tangu mwanzo, kwamba nimeuharibu kwa hasira, kwamba nina maneno nane kati ya kumi na mawili na huenda mengine yasipatikane. Sikuongeza chochote cha kujitetea, ingawa kilikuwa kimejaa mdomoni.

Nilisikia kuku nyuma yake na mtu akicheka mbali. Nilijua miaka mitatu ya mapaja yaliyochubuka kwa makonge ilikuwa inapita kichwani mwake, na ilikuwa inapita kichwani mwangu pia.

"Umekula?" akauliza mwishowe.

"Bado, chairlady."

"Kula. Halafu ukuje hapa Mukuyuni utuambie ukituangalia. Sisi hiyo mambo ya mtandao hatuijui. Pesa tuliweka kwako."

Akakata. Nililia juu ya kile kichuguu, na ilikuwa mara ya kwanza katika kazi yangu yote kulia kwa kuaminiwa. Nikamkumbuka mzee wa vitambaa wa Kitui akishika meza kwa kicheko.

Niliporudi mama alinipakulia isyo, mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Nikamuuliza yale maneno manne. Akasema tutaomba asubuhi.

Hapa lazima niungame jambo lingine. Kila alfajiri, saa kumi na moja, mama hunipigia simu aniombee. Amefanya hivyo tangu nilipoondoka nyumbani. Mimi huweka simu juu ya mto wa kulalia karibu na sikio, nikisema amina kati ya usingizi, na nikingojea amalize. Kwa miaka hii mitatu sala yake ilikuwa imepata mkia, maneno fulani ya haraka mwishoni ambayo sikuyaelewa. Kanisani kwao watu hunena kwa lugha, nami nilidhani ndiyo hiyo, Roho amemshukia mama, basi. Sikuwahi kusikiliza.

Alfajiri ile tulipiga magoti pamoja kando ya kitanda chake. Aliomba kwa Kikamba, taratibu kuliko kawaida. Alimwomba Mungu awalinde wagonjwa, ailete mvua, amkumbuke baba. Alitaja akina mama wa Mukuyuni, ambao hajawahi kuwaona. Kisha akanitaja mimi, akaomba nilindwe barabarani, nilindwe na watu, nilindwe na ulimi wangu. Na mwisho, kwa sauti ile ile ya kuomba, akatamka neno moja la Kiingereza, akapumua, akatamka la pili, la tatu, la nne. Amina.

Nilibaki na uso kwenye blanketi lake. Kila siku kwa miaka mitatu alikuwa amenisomea theluthi ya siri yangu sikioni, nami nikasinzia.

"Kwa nini hukuwapa mbuzi na hayo?" nilimuuliza.

"Mimi ni mjinga?" akasema. "Nimpatie kila mtu anapita? Mbuzi ilishika yake, mimi nikashika yangu. Mwizi akija achukue mbuzi zote, bado atanikosa mimi." Kisha akaongeza, polepole, "Na ulisema ni ya siku utakufa. Sasa kitu ya kufa kwako niiwachie mbuzi?"

Nilichukua kifaa kipya nilichokuja nacho mfukoni nikayaingiza, nane ya bomani na manne ya kitandani, kwa mpangilio aliouweka yeye. Nikapanda kichuguuni, nikangoja. Pesa za Mukuyuni zikatokea kwenye kioo, zote, jinsi zilivyokuwa. Nilipiga magoti hapo hapo, na kama kuna mchungaji aliyeniona nyuma ya choo, anisamehe.

Nilikwenda Mukuyuni nikawaambia nikiwaangalia. Waliniambia maneno mazito na niliyastahili. Siku hiyo hiyo nilizihamishia pesa kwenye pochi mpya ya mtandaoni ambayo ufunguo wake wameugawana wanawake watano, na haifunguki mpaka watatu wakubaliane. Mimi sina hata kipande. Kiploti kimenunuliwa, bati limepigwa, na nikipita huwa wananipa kigoda lakini hawanipi kompyuta.

Maneno yale ya zamani hayafungui chochote tena. Nilimweleza mama hivyo, nikamwambia anaweza kuwaita mbuzi jina lolote alitakalo na kuomba bila kujichosha na Kiingereza. Kuhusu mbuzi alisema wameshazoea. Kuhusu yale manne alifikiri kidogo, akakung'uta kanga yake.

"Haya siwezi kuacha," akasema. "Miaka tatu nimekutaja kwa Mungu nayo. Nikinyamaza sasa, atafikiri naomba mtoto wa mwingine."

Simu hulia bado saa kumi na moja alfajiri. Siku hizi nainuka, nawasha taa, na nasikiliza mpaka neno la mwisho.